Mstari Aliouruka Mama

Kwenye kompyuta ya duka langu hapa Makambako kuna faili moja nililolificha ndani ya folda ya mitihani ya zamani. Nimelipa jina lisilo na maana yoyote ili mtu asilifungue kwa bahati mbaya. Ndani yake kuna ratiba ya mazishi ya mama yangu, yenye picha, wasifu na mpangilio wa ibada. Mama yangu yuko hai. Leo asubuhi amenipigia simu kuniuliza kama nimevaa sweta.

Naanza na hilo kwa sababu nimeshajaribu kuanza na mambo mengine, ya kupendeza zaidi, nikayafuta yote. Nilijaribu kuanza na ukungu wa Njombe. Nilijaribu kuanza na mikono ya mama. Kila nilipofika katikati ya ukurasa nilijua kuna kitu nakizunguka, na kitu chenyewe ni hicho.

Duka langu ni la steshenari. Liko karibu na njia panda, pale malori ya Songea na ya Mbeya yanapoachana. Nachapa barua, natoa kopi, nafanya laminesheni ya vyeti. Upepo wa Makambako haupumziki; ukifungua mlango bila kuweka jiwe juu ya karatasi, kazi ya mteja inaishia barabarani. Kazi hii hakuna aliyenifundisha. Nilipomaliza shule nilipewa bure kibodi mbovu, isiyounganishwa na chochote. Nikawa naiweka mezani na kuchapa bila kuona ninachoandika, huku nikijitamkia herufi kwa sauti, mpaka vidole vikazoea. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hubaki na hofu moja. Anajua kwamba ipo siku ataingia mtu aliyefundishwa, ataangalia kazi yake kwa sekunde mbili, na atacheka. Kwa hiyo mimi husoma kila karatasi mara nne kabla haijatoka. Nimewahi kumkimbilia mteja hadi stendi ili kumnyang'anya barua iliyokosa nukta.

Kazi inayoniletea watu wengi ni ratiba za mazishi. Wanakuja wakiwa na haraka, macho mekundu, gari linawasubiri nje. Nauliza taratibu: marehemu alizaliwa wapi? Alipenda wimbo gani? Hapo ndipo wanapoanza kutazamana. Mmoja anasema alizaliwa Makete, mwingine anasema hapana, huko aliolewa tu. Wanapiga simu kwa shangazi. Wimbo hawaujui. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakilia mbele ya meza yangu kwa sababu hawajui mama yao alipenda kuimba nini.

Nikajiambia mimi sitakuwa mmoja wao. Siku moja ya mvua, dukani hakuna mtu, nikaanza kuandaa ya mama yangu. Nikachagua aina ya herufi. Nikaweka picha ya mama kutoka kwenye kopi ya kitambulisho chake. Nikaandika wasifu, nikauacha mstari wa mwisho wazi, ule wenye tarehe. Tangu siku hiyo nimeipanga upya kuliko kazi ya mteja yeyote. Nikishamaliza namwomba Mungu anisamehe, na kabla sijafika amina nakumbuka kwamba kuna koma niliyoiacha kwenye aya ya pili.

Hata maombi yangu yako hivyo. Nikijikwaa kwenye neno narudi mwanzo, kama vile Mungu ni mteja aliyesimama kaunta na mimi sitaki aondoke na karatasi yenye kosa. Kuna asubuhi nimemwombea mama mara tano mfululizo, na sina hakika kama hata moja ilikwenda.

Mama anaishi Njombe mjini, kata ya Mjimwema, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba viwili. Nyuma kuna miparachichi miwili na kijishamba cha njegere. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na mimi ni mtoto wa pekee. Kutoka dukani kwangu hadi kwake ni mwendo wa saa moja na kidogo. Nilikuwa naenda kila Jumamosi ya pili, nafika mchana, naondoka kabla ya jua kuzama. Nikifika sikai. Nagonga misumari iliyolegea, napanga kuni, nasafisha karai. Mama ananiambia, "Kaa basi, baba, unywe chai," namjibu, "Nakuja, mama," na chai inapoa. Nilidhani huko ndiko kumpenda. Nilimtazama sana, lakini nilikuwa natazama sweta kama imetoboka, miguu kama imevimba, kifua kama kinapanda vizuri anapopumua. Macho yake sikuwahi kuyatazama.

Mwaka jana nilimchapia vibandiko vya makopo ya jikoni: CHUMVI, SUKARI, MAJANI YA CHAI. Herufi kubwa, nyeusi, laminesheni safi. Alivipapasa kwa kidole gumba akasema, "Umeandika vizuri sana, baba. Vinang'aa." Nilirudi nikakuta sukari kwenye kopo la chumvi na chumvi kwenye la majani. Nikamkaripia kidogo, kwa sauti ile ya upole ambayo ni mbaya kuliko ukali. Akacheka. "Uzee huo," akasema. Nikahamisha kila kitu mahali pake, nikaridhika.

Sasa nije kwenye jumuiya.

Waumini wa mtaa wao wa Kilutheri wamegawanywa katika vikundi vya nyumba kumi na kitu, na kila Jumamosi saa moja asubuhi wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Wanaimba, wanasoma somo la wiki, wanaombeana, wanakunywa chai, kila mtu anakwenda shambani kwake. Katika jumuiya ya mama, msomaji ni mama. Imekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo. Alijifunza kusoma akiwa msichana huko Kidugala, na alipoolewa akaja Njombe na sauti ile: ya pole, isiyopanda wala kushuka, kila neno likipewa nafasi yake. Hakuwahi kuwa kiongozi wa kwaya wala wa umoja wa wanawake. Kusoma ndiko kulikuwa kwake.

Zamu ya nyumba yetu ilipofika mwezi wa sita, nilifunga duka na kwenda tangu Ijumaa. Sikutaka watu waingie wakute nyumba ya mjane iliyochoka. Nikatoa meza ya chakula pembeni nikaiweka katikati, nikapanga viti vya plastiki nusu duara, nikahamisha kigoda chake, nikaondoa mikeka. Alipotoka chumbani aligonga goti kwenye meza.

"Meza imesogea," alisema.

"Nimeipanga, mama. Inapendeza."

"Haya."

Alasiri akaja jirani yake, mama mjane kama yeye, ambaye wamezeeka pamoja. Mara tu alipoingia, mama akanituma sokoni nikatafute majani ya chai. Nilimwambia yapo. Akasema yale hayana harufu, nenda. Nilikwenda nikiwa nimeudhika, kwa sababu sakafu ilikuwa bado haijakauka.

Asubuhi yake ilikuwa baridi ile ya Njombe ya mwezi wa sita, pumzi inaonekana. Wakaja watu kama ishirini, wamejifunga mablanketi mabegani. Wakaimba. Mzee wa kanisa akaomba, kisha akasema, "Mama yetu atatusomea." Nilikuwa nimeshaweka utepe kwenye ukurasa ndani ya Biblia yake kuukuu, ile aliyoivika jalada la kitenge. Akaifungua penye utepe, akaishika usawa wa kifua, akaanza.

Somo lilikuwa lile la mjane aliyekutwa na nabii akiokota kuni wakati wa ukame. Nabii anamwomba maji, kisha anamwomba mkate. Mjane anajibu kwamba hana mkate, ana konzi ya unga na mafuta kidogo tu, na zile kuni anaziokota ili akajipikie yeye na mwanawe, wale, kisha wafe.

Mimi nilikuwa nafuatilia kwenye simu. Sikutumwa na mtu. Sijui kusikiliza maandishi yakisomwa bila kuyafuata kwa jicho. Mama alisoma vizuri, neno kwa neno, hadi kwenye unga na mafuta. Kisha akaenda moja kwa moja kwa nabii anayemwambia yule mjane asiogope. Kile cha katikati, cha kula na kufa, hakukisoma.

Ningeweza kunyamaza. Nimekaa na jambo hili miezi mingi na bado nashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kunyamaza. Watu wote walikuwa wametulia. Hakuna aliyekuwa na Biblia wazi isipokuwa mimi na yeye.

"Mama," nikasema, "umeruka mstari."

"Wapi?"

"Hapo kwenye kuni. Rudi kidogo."

Hakurudi. Nikadhani hajanielewa, nikainuka, nikamwendea, nikaweka kidole kwenye ukurasa. "Hapa, mama. Huu hapa."

Kidole chake kikatafuta changu. Kikapita juu ya maandishi, kikapita kando, kikatua pembeni kabisa mwa ukurasa, pale pasipoandikwa kitu. Macho yake yalikuwa yanatazama kalenda ukutani. Nikaona. Watu ishirini wakaona pamoja nami. Mtu mmoja akakohoa, na mama akasema kwa sauti ileile ya kusomea, "Soma wewe, baba."

Nikasoma. Sikumbuki nilichosoma. Nilipofika mwisho yule jirani alianzisha wimbo bila kuambiwa, kwa nguvu, kama mtu anayetupa shuka juu ya kitu kisichotakiwa kuonekana, na wote wakaitikia.

Wakati wa chai nilitoka nje kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Jirani akanifuata.

"Kamwene," akanisalimia Kibena, lakini uso hauna salamu.

"Kamwene, mama."

"Hebu niambie. Hiyo shule ya kusahihisha wazazi mbele za watu iko wapi? Iko huko Makambako?"

"Sikujua kama haoni."

"Hukujua. Unakuja hapa unahesabu misumari. Kopo la chumvi unalijua liko wapi, mama yako hujui yuko wapi." Akaninyang'anya kikombe mkononi. "Mwaka wa tatu huu, kila Ijumaa mimi namsomea, yeye anashika. Namsomea mara mbili tu. Mimi mwenyewe nasoma kwa kudonoa, 'na-bi-i a-ka-se-ma,' yeye ananipangia vizuri kichwani mwake. Jumamosi anasimama anasoma kama mwalimu. Nani alilalamika? Mungu alilalamika?"

"Hapana, mama."

"Na jana nilimsomea mara tatu kwa sababu wewe upo. Alikuwa amekishika kifungu chote. Chote!" Akasita, kama na yeye kuna kitu kimemshangaza, kisha akatikisa kichwa. "Fundi wa kompyuta wewe. Suuza hivyo, una sabuni mpaka kwenye viwiko."

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali. Daktari alimulika macho yake kwa muda mrefu, akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Matone asubuhi na jioni yatalinda kilichobaki. Nikauliza kimebaki nini. Mama ndiye aliyejibu: "Mwanga wa mlangoni. Na mtu akipita, kivuli."

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenihamishia Makambako."

Ni kweli. Tangu Jumamosi ile nilikuwa nimeshachora chumba chake kwenye karatasi, kitanda huku, dirisha kule.

"Huku kwangu kila ukuta naujua," akasema. "Kule kuna upepo tu."

Kwa hiyo hakuhama. Lakini pia hakusoma tena. Mzee wa kanisa alimfuata mara mbili nyumbani, akamwambia wote wanajua na hakuna anayejali, aendelee. Akamjibu kwa adabu kwamba asome mwingine, yeye atasikiliza. Wakampa mwalimu mmoja wa sekondari, msomaji mzuri asiyekosea. Mama akawa anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Jirani aliniambia kwenye simu kwamba hata kuimba ameanza kuimba kwa ncha ya midomo tu, na kwamba Ijumaa yeye jirani akimwendea na kitabu anaambiwa, "Tuongee mengine."

Hapo ndipo wasiwasi wangu, ambao siku zote ulikuwa unatafuta mahali pa kukaa, ulipopata. Nilikuwa nimeogopa kifua chake, miguu yake, ngazi ya mlangoni, mkaa wa jikoni. Sikuwahi kujiogopa mimi. Kitu kimoja alichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha kunipikia wala kunisubiri, nilikivunja kwa maneno matatu, na yalikuwa maneno sahihi. Nilifungua faili lile dukani nikasoma nilichoandika kwenye aya ya tatu: "Alikuwa msomaji wa jumuiya." Nilikuwa nimeliandika hilo "alikuwa" miezi kabla ya kulisababisha.

Mwezi wa nane jirani akasafiri kwenda Makete, binti yake alikuwa amejifungua. Kabla hajaondoka alinipigia.

"Ijumaa zangu nakuachia wewe."

"Hataki kusomewa, mama."

"Mimi sikukuuliza anataka nini."

Nikaanza kufunga duka Ijumaa saa sita. Nilichapa tangazo la mlangoni mara tatu mpaka likanyooka. Wateja walinung'unika. Saa tisa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha mama, nikiwa nimekirudisha mahali pake pa zamani, na meza ukutani. Yeye alikuwa na ungo wa njegere mapajani, anamenya. Punje zilikuwa zinaangukia bakuli bila hata moja kukosea.

"Unanisomea ya nini? Mimi sisomi tena."

"Nisome tu nisikie mwenyewe."

"Haya. Wewe na Mungu wako."

Nikasoma. Kila nilipojikwaa nilirudi mwanzo wa sentensi.

"Nani anakukimbiza?" akauliza.

"Hakuna."

"Na mbona unarudi nyuma kila mara?"

"Nimekosea neno, mama."

"Neno nimelisikia. Nenda mbele."

Nikaenda mbele. Nilijikwaa tena, nikaenda mbele. Ilikuwa vigumu kuliko ninavyoweza kueleza. Mwili mzima ulitaka kurudi. Baadaye alinisukumia nusu ya njegere nimenye, ili mikono yangu ipate kazi, na nikagundua kwamba nilikuwa nimekaa karibu saa nzima bila kuangalia simu. Mara tu nilipogundua nikaiangalia.

Ijumaa ya tatu au ya nne midomo yake ilianza kutembea nikiwa nasoma. Nilijifanya sioni. Nilipomaliza mara ya pili alirudia somo lote, kwa sauti ya chini, huku anamenya. Nilifuatilia kwa jicho, nilishindwa kujizuia. Hakukosa neno hata moja. Wiki iliyofuata tena, somo refu lenye majina magumu, hakukosa. Nikaanza kusumbuka na jambo ambalo sikuthubutu kuliuliza. Mtu anayeshika namna hii, aliurukaje mstari ule?

Halafu ikaja Ijumaa moja ambayo asubuhi yake walikuja dukani ndugu watatu kuchapa ratiba ya mama yao. Walikuwa wanagombana. Mmoja alikuwa hajamwona tangu kabla ya kuugua. Alitaka niandike kwamba alikuwa karibu naye sana, na dada yake akasema, "Andika, fundi, karatasi haimjui." Niliandika. Nilifika Njombe nikiwa bado nasikia sauti yao, nikakaa kwenye kigoda, nikafungua Biblia, nikaifunga.

"Mama, kuna kitu kibaya nimefanya."

Mikono yake ikasimama. "Umempa mtu mimba?"

"Hapana, mama!"

"Basi sema."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, folda ya mitihani, picha, koma, siku ya mvua. Niliongea nikitazama sakafu. Nilipomaliza nilisikia sauti nikadhani analia, nikainua uso. Alikuwa anacheka, bega linatikisika, kwa kicheko kile anachokizuia kanisani.

"Picha gani umeweka?"

"Ya kitambulisho."

"Ile niliyotoa macho kama nimekamatwa? Toa! Weka ile ya kipaimara chako, nina gauni la bluu."

"Sawa, mama."

"Hiyo ratiba umekuja nayo?"

Ilikuwa kwenye simu. Sijui kwa nini nilikuwa nayo kwenye simu. Namaanisha, najua.

"Nisomee," akasema. "Nisije nikazikwa na makosa."

Nikaanza kumsomea mama yangu wasifu wake. Alikuwa anamenya na kusahihisha. "Sikuzaliwa Njombe, nilizaliwa Kidugala, andika." Nikaandika. "Baba yako hakunioa mwaka huo, mwaka huo alikuwa ananizungukazunguka tu, posa ilikuja baadaye." Nikaandika. "'Mwenye bidii'? Toa hilo, kila maiti ana bidii." Nikatoa. Nilipofika kwenye wimbo nilikuwa nimeandika ule ambao nilidhani anaupenda kwa sababu aliuimba kila siku nikiwa mtoto. Akasema ule aliuimba kwa sababu ndio ulionifanya nilale. Anaoupenda ni mwingine. Akauimba ubeti mmoja, sauti imepasuka kidogo juu. Nilikuwa sijawahi kuusikia. Miaka yote hii.

Nilifika kwenye aya ya tatu. "'Alikuwa msomaji wa jumuiya,'" nikasoma. Hilo hakulisahihisha. Nikaendelea, nikafika kwenye mstari wa mwisho, ule wenye nafasi wazi, unaoanza kwa kusema mama yetu aliaga dunia. Niliuona kwenye kioo cha simu. Nikavuta pumzi, nikasoma kilichofuata, shukrani kwa majirani na kwa wote waliofika.

Punje mbili tatu zikadondoka kwenye bakuli.

"Umeruka mstari," akasema.

Alijuaje, sijui. Labda nilivuta pumzi vibaya. Labda anazijua karatasi hizi. Amekaa kwenye mazishi mengi kuliko mimi.

"Ndiyo, mama. Nimeruka."

"Umesahau?"

"Sikusahau."

"Basi na mimi sikusahau." Alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye mwanga wa mlangoni. "Ulikuwa umekaa hapo mbele yangu, nakusikia unavyopumua kwa haraka haraka kama ulivyokuwa mtoto. Mjane na mwanawe, wale, kisha wafe? Nikusomee hilo? Nikaona Mungu atanisamehe mstari mmoja."

Nilitaka kuomba msamaha, na nilikuwa nimeuandaa, nimeuandaa tangu mwezi wa sita, wenye aya tatu. Nikaanza, nikajikwaa kwenye neno la pili, na mwili ukataka kurudi mwanzo.

"Nenda mbele," mama akasema.

Lakini sikuwa na mbele ya kwenda. Nilichukua mkono wake wenye maji ya njegere nikaushika, na kwa kuwa siwezi kukaa hivyo muda mrefu, baada ya kidogo nikauachia, nikasimama nikazunguka chumba, nikarudi nikakaa.

"Kesho jumuiya iko kwa nani?" akauliza.

"Kwa mzee wa kanisa, mama."

"Nisomee somo. Mara mbili, na usikimbie. Kesho umwambie yule mwalimu apumzike."

Nikaifungua Biblia penye utepe.

"Na wewe utakaa nyuma kabisa," akaongeza, akivuta ungo mapajani. "Simu uiache kwangu."